Jinsi ya kumjenga muuza vitabu wa Venice katika gemu ya kihistoria

Gemu nyingi za kihistoria zina muuza vitabu, na mara nyingi ni yuleyule: mzee mwenye ndevu, duka lenye vumbi, kitabu cha siri chini ya meza. Mchezaji anaingia, anapewa ramani, anatoka, basi. Inasikitisha, kwa sababu biashara ya vitabu ya Italia ya miaka ya 1500 inampa mwandishi wa gemu karibu kila anachokitafuta: fedha, safari, siasa, dini, chapa bandia, na wateja wa kila tabaka wanaopita mlango mmoja.

Mwongozo huu ni wa anayemwandika mhusika wa aina hiyo, awe na timu au awe peke yake na programu ya bure ya kutengenezea gemu za maandishi kama Twine. Nitamfuata mhusika mmoja wa kubuni tangu anapozaliwa kwenye daftari la mwandishi mpaka anapoweza kuongea na mchezaji. Tumwite Zuane, yaani Giovanni kwa matamshi ya Venice, na tumpe asili ya Salò, mji ulio kando ya Ziwa Garda. Kila kitu nitakachosema kumhusu kinatokana na kanuni moja: muuza vitabu hujengwa kuanzia kwenye hesabu zake. Nani anamdai, yeye anamdai nani, na mzigo gani umekwama stoo. Ukishayajua hayo, siri zake hutalazimika kuzitunga kwa nguvu.

Hatua ya kwanza: amua mwaka

Ukisema tu kwamba gemu yako ni ya Renesansi, umebeba zaidi ya miaka 150 kwa mkupuo, na biashara ya vitabu iligeuka mara kadhaa ndani yake.

Florence ya miaka ya 1460 ni mji wa hati za mkono. Vespasiano da Bisticci, muuza vitabu aliyevuma kuliko wote pale, aliishi kwa kazi ya wanakili. Ameandika mwenyewe kwamba kwa maktaba aliyoiagiza Cosimo de' Medici aliwaweka kazini wanakili 45, wakamaliza vitabu 200 kwa miezi 22. Mhusika wa mahali hapo ni msimamizi wa mafundi. Anasaka ngozi laini ya kuandikia, anamfuata mnakili aliyechelewa, anamtuliza tajiri anayetaka kitabu chake kabla ya Pasaka.

Venice ni habari nyingine. Matbaa ilianza kazi huko mwaka 1469, na serikali ikampa Giovanni da Spira haki ya kuchapa peke yake kwa miaka 5. Akafariki mwaka uliofuata, haki ile ikafa naye, mlango ukabaki wazi kwa kila mwenye mtaji. Kufikia 1500 Venice ilikuwa inaongoza Ulaya kwa uchapaji. Sogea tena mbele na hewa inabadilika: mwaka 1549 kunaanzishwa chama cha wachapaji na wauza vitabu, mwaka 1553 nakala za Talmud, kitabu cha mafundisho ya dini ya Kiyahudi, zinachomwa moto katika uwanja wa San Marco, na mwaka 1559 Papa Paulo IV anatoa orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku. Ukimweka kadhi wa kanisa akipekua maduka ya Venice kwa kutumia orodha hiyo mwaka 1500, umekosea kwa zaidi ya nusu karne. Kama hadithi yako haiwezi kuishi bila moto wa vitabu karibu na mwaka huo, ihamishie Florence ya Februari 1497, wakati wa Savonarola, mtawa aliyewahimiza watu wachome vitabu na anasa.

Kuna mwaka mwingine ambao ningependa sana kuona mtu anauandikia gemu. Mnamo 1537 na 1538, hapohapo Venice, Paganino Paganini na mwanawe Alessandro walichapa Kurani nzima kwa Kiarabu. Makosa ya herufi yalikuwa mengi kiasi kwamba hakuna msomaji Mwislamu ambaye angeikubali, na kwa karne nyingi wanazuoni walidhani hakuna nakala iliyosalia. Mwaka 1987 mtafiti Angela Nuovo alikuta moja katika maktaba ya watawa Wafransisko, kwenye kisiwa cha San Michele, palepale Venice. Fikiria fundi asiyejua Kiarabu akipanga herufi za risasi moja moja, na jirani yake muuza vitabu akiulizwa kama mzigo huu utauzika Istanbul. Msomaji wa pwani yetu, aliyejifunza kusoma Kurani tangu utotoni, angeyaona makosa yale kabla ya wahusika wote wa gemu. Hiyo ni nafasi adimu kwa mwandishi wa Kiswahili.

Mimi lakini namweka Zuane kati ya Novemba 1507 na Julai 1509. Aldus Manutius, mchapaji aliyeleta vitabu vidogo vya kushikika mkononi, bado yupo mjini. Mwaka 1508 Erasmus, msomi maarufu kutoka Uholanzi, anaishi nyumbani kwa Andrea Torresani, baba mkwe wa Aldus, akimalizia kitabu chake cha misemo ya kale, huku mafundi wakichapa kurasa alizoandika asubuhi hiyohiyo. Wafanyabiashara wa viungo wana wasiwasi, kwa kuwa Wareno wamepata njia ya bahari kwenda India. Na vita inakuja, ingawa Zuane haijui. Mwandishi akijua kitu ambacho mhusika wake hakijui, ana kamba ya kuvutia hadithi.

Jambo dogo la kalenda, linalofaa sana kwa mafumbo: mwaka wa Venice ulianza tarehe 1 Machi. Kitabu kilichochapwa Januari 1508 kwa hesabu yetu kinaweza kuandikwa mwishoni kwamba ni cha Januari 1507. Mchezaji asipolijua hilo, atamshuku mtu asiye na hatia.

Hatua ya pili: mpe mtaa

Hapa una bahati ambayo waandishi wa miji mingine hawana. Mwaka 1500 Jacopo de' Barbari alitoa picha kubwa ya Venice inavyoonekana kutoka angani, iliyochongwa kwenye mbao sita, yenye upana unaokaribia mita 3. Nyumba, makanisa, mifereji, hata majahazi yaliyotia nanga, vyote vimo. Picha yake ya kidijitali hupatikana kirahisi. Chukua siku nzima uitembee kwa macho kabla ya kuchora duka lako, kisha mpe Zuane nakala moja ya picha hiyo ukutani: mfadhili wake, Anton Kolb, aliomba ruhusa ya kuiuza kwa dukati 3 za dhahabu. Si bei ya kila mtu, na mchezaji atajua mara moja kwamba Zuane aliwahi kuwa na mwaka mzuri.

Duka liwe Merceria, njia nyembamba inayotoka kwenye mnara wa saa wa San Marco hadi Rialto, ambako maduka mengi ya vitabu yalikuwepo. Mnara wenyewe ni mpya, ulikamilika 1499. Ukifika Rialto, daraja liwe la mbao, lenye sehemu ya katikati inayoinuliwa kupisha milingoti. Daraja la mawe unaloliona kwenye picha za watalii lilimalizika 1591. Karibu nalo, nyumba kubwa ya wafanyabiashara Wajerumani iliungua Januari 1505, na katika mwaka wetu wa kwanza bado ni kelele za nyundo na ngazi za waashi, kwani ilifunguliwa upya 1508. Wajerumani hao ni wateja na wasafirishaji muhimu wa vitabu, kwa hiyo ujenzi huo unamgusa Zuane mfukoni: mizigo inacheleweshwa, watu wamehamishiwa kwingine, barua zinapotea.

Usiweke maktaba ya San Marco. Jengo lake lilianza 1537. Ila hati zaidi ya 700 ambazo Kardinali Bessarion aliipa jamhuri ya Venice mwaka 1468, nyingi zikiwa za Kigiriki, zipo ndani ya makasha katika jumba la mtawala, na kuzifikia si rahisi. Hazina imefungiwa hatua chache kutoka kwa watu wanaoihitaji kuliko wote. Sijui mwandishi wa visa ambaye angeliacha hilo lipite.

Saa pia. Italia ilihesabu saa 24 kuanzia jua linapozama. Mchezaji wa Kiswahili atazoea haraka kuliko wengine, kwa kuwa kwetu pia kiza kikiingia siku nyingine imeanza na saa zinahesabiwa upya. Tumia hilo, usimlazimishe Zuane kutazama saa ya Kizungu.

Hatua ya tatu: andika daftari lake

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiharakishe. Kabla hujaandika neno moja la mazungumzo, andika hesabu za duka.

Mfano halisi upo. Francesco de Madiis, muuza vitabu wa Venice, aliacha daftari la mauzo la kati ya Mei 1484 na Januari 1488, na ndani yake kuna nakala zipatazo 25,000 zilizouzwa. Siku kwa siku, kitabu kwa kitabu, pamoja na bei. Anayeuza zaidi si mwanafalsafa. Vitabu vya sarufi ya Kilatini vya wanafunzi, zaburi na vitabu vya sala ndivyo vilivyokuwa vinatoka kila siku. Na si kila mteja alilipa fedha taslimu. Wapo waliolipa kwa unga, divai au mafuta. Hiyo pekee inatosha kubadilisha gemu yako: badala ya mchezaji kufungua mfuko wa sarafu kila mahali, aweze kuja na mtungi wa mafuta na kupatana.

Sarafu zenyewe zieleweke mapema. Dukati ya dhahabu ilihesabiwa sawa na lira 6 na soldi 4, yaani soldi 124, na lira moja ni soldi 20. Usiirahisishe iwe mia. Ugumu huo unampa mchezaji hisia ya mahali, na kompyuta ndiyo inayopiga hesabu.

Sasa upande wa Zuane. Mzigo wake umeingia dukani kwa njia tatu. Kuna alivyonunua. Kuna alivyobadilishana na wauza vitabu wenzake, karatasi kwa karatasi, jambo la kawaida sana katika biashara hiyo kwa sababu fedha taslimu zilikuwa adimu. Na kuna alivyopewa kama mali kauli: mchapaji kamwachia mzigo, akiuza ndipo alipe. Kila njia ina aina yake ya wasiwasi. Kitabu alichonunua kikikwama, fedha yake imelala. Kitabu cha mali kauli kikiloa maji ya mafuriko, deni ni lake na kitabu ni cha mwingine.

Kwa Zuane niliandika hivi. Anadaiwa dukati 18 na shemeji yake mwenye kinu cha karatasi kule Toscolano, jirani na Salò. Eneo hilo lilikuwa na vinu vya karatasi kweli, ndiyo maana nikampa asili hiyo. Anamdai daktari mmoja wa Padua, mji wa chuo kikuu ulio karibu na Venice, dukati 4 tangu Pasaka iliyopita. Stoo ana nakala 60 za kitabu kikubwa cha sheria alichokichukua kwa tamaa, halafu mchapaji mwingine akatoa toleo lenye maelezo mapya. Na ana mali kauli ya Aldus: seti ya Aristotle kwa Kigiriki, majuzuu matano, ambayo kwenye orodha ya Aldus ya mwaka 1498 bei yake jumla ilikuwa dukati 11. Hakuna aliyeiuliza tangu afungue duka. Lakini kila msomi anayeingia huigusa.

Ona yaliyojitokeza. Ana sababu ya kumwogopa dada yake. Ana sababu ya kwenda Padua. Ana sababu ya kumchukia mchapaji fulani na kumheshimu mwingine. Hakuna hata kimoja nilichokitunga kama siri.

Ongeza kitabu kimoja kipya. Novemba 1507, mjini Vicenza, ndani ya himaya ya Venice, kulichapwa mkusanyiko wa habari za safari uitwao Paesi novamente retrovati. Ndani yake zimo safari za Vasco da Gama na Cabral, na pamoja nazo Malindi na Kilwa. Mpe Zuane nakala chache siku mchezaji anapofika mara ya kwanza. Wateja wanazipigania, mabaharia wanaomba wasomewe, na mfanyabiashara wa pilipili ananunua moja na kuondoka bila kuaga. Kwa mchezaji wa Dar es Salaam au Mombasa, kuona pwani yake inajadiliwa kama habari ya sokoni Merceria ni jambo zito, na halikubuniwa. Mruhusu asome ukurasa. Mruhusu pia atambue kilichoandikwa vibaya.

Hatua ya nne: ifanye bidhaa ionekane ilivyokuwa

Waambie wachoraji wako mapema, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi za gemu zinapopotoka. Rafu zilizojaa migongo ya ngozi yenye majina ya dhahabu si za duka la 1507. Vitabu vingi viliuzwa bila jalada, vikiwa mafungu ya karatasi zilizokunjwa, na mnunuzi ndiye aliyepeleka kwa fundi wa kujalidi au akamlipa muuzaji amfanyie. Kwa hiyo rafuni kuna marundo yaliyolala, na kazi ya kwanza ya kijana wa duka ni kuhakikisha fungu limekamilika. Karatasi moja ikipungua, kitabu kimekufa. Herufi ndogo zilizochapwa chini ya kurasa, A, B, C na kuendelea, zipo kwa ajili hiyo: kumwonyesha anayekusanya mpangilio wa mafungu. Huo ni mchezo mdogo uliokamilika tayari. Mwache mchezaji apange fungu lililochanganyika kabla mteja hajarudi.

Mizigo ya mbali ilisafiri ndani ya mapipa, ambayo huzuia maji na huviringishwa. Pipa likiletwa kwa mashua, hakuna mpita njia anayejua kama ni divai au ni Aristotle.

Ukubwa wa kitabu hutokana na mikunjo ya karatasi: ikikunjwa mara moja ni folio ya mezani, mara mbili ni kwarto, mara tatu ni oktavo, ile ya mkononi. Aldus alianza kutoa oktavo za washairi kwa herufi za mlazo mwaka 1501, akianza na Vergilius, na herufi zile zilikatwa na Francesco Griffo, ambaye baadaye walifarakana. Griffo akaenda kufanya kazi na wengine huko Fano. Ukitaka mhusika mwenye kinyongo halali, huyo hapo.

Harufu na sauti zina kazi pia: mafuta ya kitani yaliyochemshwa na masizi kwenye wino wa matbaa, unyevu wa mfereji, mbao za dirisha zinazoshushwa asubuhi ziwe meza ya kuuzia.

Hatua ya tano: wanaomzunguka na namna wanavyoitana

Usimjaze wahusika. Watano wanatosha, kila mmoja aingie kupitia daftari.

Jinsi ya kuitana ni jambo ambalo wachezaji hawaligundui likiwa sahihi, ila likikosewa linaudhi. Mtu wa heshima ni messer, na jina hufuata. Mwungwana wa ukoo wa watawala huitwa magnifico messer, na Zuane hamkatizi. Fundi hodari na daktari ni maestro. Mtawa ni fra, mwanamke wa heshima ni madonna. Yaache maneno haya kama yalivyo na uyazungushie Kiswahili cha biashara: arbuni, dalali, mali kauli, kupatana. Ukiandika "bwana mkubwa" kila mstari, Venice inageuka ofisi ya mkoloni.

Fikiria pia kumpa duka mwanamke. Haitakuwa kupendezesha historia. Paola da Messina aliolewa na Giovanni da Spira, akawa mjane, akaolewa na Giovanni da Colonia, naye mfadhili mkubwa wa uchapaji, na baadaye na mchapaji wa tatu, Rinaldo da Nimega. Mtaji, mitambo na mikataba ilipita mikononi mwa nyumba yake kwa miongo kadhaa. Na kwa upande wa wateja yupo Isabella d'Este, mke wa mtawala wa Mantua, ambaye mwaka 1505 alimrudishia Aldus vitabu vya ngozi alivyotumiwa kwa sababu aliona bei imezidi mno. Mteja mwenye jina kubwa anayerudisha mzigo: muuza vitabu yeyote anajua tumbo linavyokaza siku hiyo.

Hatua ya sita: fumbo moja zuri

Kisa kimoja kilichojengwa vizuri kinatosha kumfanya Zuane akumbukwe, na historia imekiandaa.

Wachapaji wa Lyon, Ufaransa, waliiga oktavo za Aldus. Umbo lilelile, herufi za mlazo zilezile karibu, bila jina lao. Aldus alikuwa na haki aliyopewa na Seneti, lakini haki hiyo ilikomea kwenye mipaka ya Venice, na Lyon ilikuwa mbali nayo. Tarehe 16 Machi 1503 akachapa onyo la wazi: akaeleza kwamba vitabu vya bandia havina alama yake wala maelezo ya mchapaji mwishoni, karatasi ni duni na ina harufu nzito, herufi zina sura ya Kifaransa, kisha akaorodhesha makosa ya maandishi kitabu kwa kitabu. Watu wa Lyon wakaisoma orodha, wakasahihisha makosa hayo na kuendelea kuuza.

Sasa jenga hivi. Mteja, yule daktari wa Padua, analeta oktavo sita anazotaka kuzitumia kulipia deni la dukati 4. Zuane ana macho mabovu na miwani yake imevunjika, kwa hiyo anamwomba mchezaji azikague. Mpe mchezaji vitendo vitatu: kufungua ukurasa wa mwisho, kunusa karatasi, na kulinganisha mistari na karatasi ya onyo iliyobandikwa nyuma ya mlango. Kati ya vitabu sita, viwili viwe vya Aldus. Viwili viwe bandia za zamani, zenye makosa yaliyotajwa. Viwili vya mwisho viwe bandia zilizosahihishwa, kwa hiyo anayetegemea karatasi ya onyo peke yake ataviona safi. Pua ndiyo itakayomwokoa, na ukurasa wa mwisho mtupu.

Ongeza kikwazo: kimoja cha vitabu halisi kimepoteza karatasi yake ya mwisho, kwa hiyo hakina alama ya nanga na pomboo ambayo Aldus alianza kuitumia 1502. Mchezaji lazima apime ushahidi wote kwa pamoja. Usimwonyeshe jibu kwa rangi nyekundu na kijani. Aseme uamuzi wake kwa mdomo, na Zuane aufuate, uwe sahihi au potofu. Matokeo yaonekane wiki kadhaa baadaye, mtu wa Aldus anapopita Merceria na kuchungulia rafu.

Swali gumu liko baada ya fumbo. Zuane akijua ni bandia, je, azikatae na kubaki na deni, au azipeleke kimyakimya kwa wanafunzi wasio na fedha, ambao kwao Vergilius wa bandia ni bora kuliko kukosa Vergilius kabisa? Mwachie mchezaji amshauri. Mimi siuoni upande mmoja kuwa wa kipumbavu, na gemu isiupuuze wowote.

Hatua ya saba: mpe sauti

Zuane aongee kama mtu anayepima bei huku akikupokea. Sentensi fupi, maswali mengi, na asieleze historia ambayo kila mtu dukani anaijua. Mfano:

"Messer Zuane, yule Vergilius unauzaje?"
"Umeangalia mwisho wake, maestro?"
"Nimeangalia bei yake, hujaiandika."
"Sijaiandika kwa sababu sijui nani amekileta. Kilikuja kwenye pipa la watu wa Vicenza."
"Kwa hiyo?"
"Kwa hiyo keti. Huyu kijana atakinusa, halafu tutazungumza."
"Anuse kitabu?"
"Karatasi ya kwetu hainuki hivi. Na lile deni la Pasaka, maestro, tulizungumze leo au baada ya mazishi yangu?"

Mistari minane, na mchezaji amejua deni, mashaka, urafiki na kazi anayopewa. Hakuna aliyemwambia kwamba Venice ilikuwa kitovu cha uchapaji.

Soma mazungumzo yako kwa sauti. Sentensi ambayo ulimi unaikwepa, ifute.

Hatua ya nane: achia vita iingie

Desemba 1508 Papa, mfalme wa Ufaransa, Kaisari Maximilian na Ferdinand wa Aragon wanaungana dhidi ya Venice. Tarehe 14 Mei 1509 jeshi la jamhuri linavunjwa Agnadello. Padua inapotea Juni, inarudishwa katikati ya Julai. Aldus anafunga kazi, anaondoka mjini, na hatarudi mpaka 1512.

Usionyeshe jeshi. Onyesha daftari. Wanafunzi wa Padua, wateja wa sarufi na sheria, wametawanyika. Njia ya Ziwa Garda imekatika, karatasi haifiki, na shemeji hajulikani yuko upande gani. Mali kauli ya Aldus ipo dukani na mwenyewe hayupo wa kudai. Hapo kila uamuzi aliofanya mchezaji tangu Novemba 1507 urudi kama mstari wa hesabu: alimsamehe daktari? Aliuza bandia? Alimshauri Zuane anunue pipa jingine? Andika miisho mitatu au minne isiyozidi dakika tano kila mmoja, na mmoja wapo uwe wa Zuane kubaki na duka dogo zaidi, akiuza vitabu vya sala.

Hatua ya tisa: mjaribu

Mpe gemu mtu asiyejua chochote kuhusu Venice. Zima misheni zote, mwache aingie dukani bila kazi aliyopewa, na ukae nyuma yake bila kusema neno. Andika kila anachobofya na kila anachouliza kwa sauti. Akiuliza bei, akigusa Aristotle, akitaka kujua yule daktari atalipa lini, endelea na mtu wa pili. Akitoka bila kugusa kitu, rudi kwenye hatua ya tatu uongeze madeni kabla hujamgusa mchoraji.